"Nimedukuliwa": dalili, sababu na ukaguzi wa uvujaji wa taarifa kwa watumiaji wa simu na mitandao Kigoma

Mafundi wa simu na kompyuta wa Mwanga na Ujiji hulisikia neno hilo kila wiki. Ukikagua, mara nyingi mdukuzi hayupo. Kuna kompyuta ya stesheneri iliyoachwa wazi, laini iliyosajiliwa mara mbili kwa kidole kimoja, au programu ya mikopo iliyopewa ruhusa zote siku ya kwanza. Kwa hiyo kila tatizo humu linaanza na sababu ya kawaida kabisa, ile ambayo watu huiruka kwa kuwa inaonekana ndogo mno, kisha linashuka kwenye mazito.

Majina ya menyu ni ya simu iliyowekwa Kiswahili. Ya Kiingereza ina vitufe hivyo hivyo mahali pale pale, ingawa kampuni za simu hutofautiana kidogo.

Jambo moja kabla hujagusa chochote: piga picha ya skrini. Orodha ya vifaa, meseji za vitisho, namba, saa. Ukifuta kwanza ndipo uende polisi, utakuwa na maneno tu.

Mtu anajua unayoandika WhatsApp

*Sababu inayoongoza: WhatsApp yako bado iko wazi kwenye kompyuta ya watu.* Msimu wa maombi ya Bodi ya Mikopo, au nafasi za kazi zikitangazwa, stesheneri hujaa wanaotaka kuprinti cheti cha kuzaliwa, barua ya serikali ya mtaa na kopi ya kitambulisho cha taifa. Njia ya haraka ni kuskani msimbo wa WhatsApp Web. Faili linashuka, linachapwa, mteja analipa na kuondoka. Mhudumu akifunga dirisha, mteja anadhani ametoka. Hajatoka. Muunganisho ule unaweza kubaki hai mpaka uukate mwenyewe, au simu yako ikae siku 14 bila kutumika kwenye WhatsApp, jambo ambalo kwa mtu wa kawaida halitokei.

Fungua WhatsApp, bonyeza nukta tatu juu kulia (kwenye iPhone ingia Mipangilio), kisha Vifaa vilivyounganishwa. Utaona jina la kivinjari, aina ya kompyuta na mara ya mwisho kutumika. Ukikuta Chrome ya Windows na wewe huna kompyuta, jibu umelipata. Piga picha ya skrini, bonyeza jina la kifaa, chagua Ondoka. WhatsApp inaruhusu hadi vifaa vinne pamoja na simu yako, kwa hiyo usiishie kwa cha kwanza.

Kukata muunganisho hakufuti mafaili yaliyokwisha kushuka. Kwenye folda ya vipakuliwa ya stesheneri yoyote yenye wateja wengi utakuta vyeti na vitambulisho vya watu wasiojuana, vimelala hapo miezi. Rudi, mwombe mhudumu afute faili lako na amwage pipa la taka la kompyuta mbele yako. Safari nyingine nenda na flashi yenye faili hilo peke yake, na ukirudi ifomati kabla ya kufungua chochote, maana flashi za stesheneri hurudi na virusi.

*Ya pili: mtu wa karibu anajua patani yako, yaani mchoro wa kufungulia simu.* Ingia Mipangilio, Usalama, Alama za vidole. Ukikuta alama ambayo hukuiweka, ifute. Badilisha patani iwe namba za tarakimu sita, kwa kuwa patani huacha mchirizi wa mafuta kwenye kioo na mtu akiinamisha simu kwenye mwanga anaisoma. Zima pia maudhui ya arifa yasionekane skrini ikiwa imefungwa.

*Ya tatu: uliyeandikiana naye ndiye aliyesambaza.* Hapo simu haina kosa na fundi hana cha kurekebisha.

*Ya nne, ambayo ni nadra: programu ya upelelezi.* Fungua Play Store, gusa picha yako, angalia Play Protect, ulinzi wa Google unaokagua programu hatari. Ikiwa imezimwa na si wewe uliyeizima, endelea. Nenda Mipangilio, Ufikivu, uone programu zilizopewa ruhusa ya kusoma skrini. Halafu tafuta Programu za msimamizi wa kifaa. Programu yenye jina la jumla mno, mfano "Huduma ya Mfumo", ambayo ina ruhusa zote mbili, ni ya kutiliwa shaka.

Simama hapa ikiwa unayemshuku ni mwenza au mtu anayeweza kukudhuru. Ukiiondoa, aliyeiweka atajua siku hiyo hiyo. Tumia simu ya mtu mwingine kuomba msaada, na uende Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi simu ikiwa kama ilivyo.

Meseji za msimbo zinaingia bila kuombwa, au WhatsApp imekutoa ghafla

Msimbo wa tarakimu sita ukiingia mara moja, huenda mtu amekosea namba yake kwa tarakimu moja. Upuuze. Ukiingia na dakika chache baadaye ndugu au mwanakikundi wa vikoba akakuandikia "nimekosea nimetuma kwako, naomba hizo namba", anayeandika si ndugu yako. Akaunti yake imeshachukuliwa, na wewe ndiye unayefuata. Mpigie kwa simu ya kawaida.

Ikiwa umeshatoa msimbo na umetolewa, sakinisha WhatsApp upya, weka namba yako, subiri msimbo wa SMS, uuweke. Mwizi anatoka hapo hapo. Ukiombwa PIN ambayo hukuiweka, yeye ndiye aliyeiweka, na utasubiri siku 7 kabla ya kuingia bila PIN hiyo. Lakini katika siku hizo naye hayumo ndani. Tumia muda huo kuwatangazia watu kwa SMS wasitume hela. Ukisharudi: Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN yako na barua pepe ya kurejeshea.

Namba za matapeli zina mahali pa kupelekwa: meseji yenyewe itume kwenda 15040, kisha ufuate maelekezo utakayojibiwa.

Google inasema umeingia ukiwa Dar es Salaam, na wewe uko Uvinza

Tulia kwanza. Onyo hili huwatia watu hofu kuliko linavyostahili. Google haijui ulipo kwa hakika. Inakisia kutokana na anwani ya intaneti uliyopewa na mtandao wa simu, na mawasiliano ya mitandao ya simu mara nyingi huingia kwenye intaneti kupitia mitambo iliyoko Dar es Salaam. Mtu wa Uvinza, wa Kasulu na wa Kibirizi wote wanaweza kuonekana wako Dar. Ukitumia Opera Mini yenye kubana data kwa nguvu, kurasa hupitia seva za Opera zilizoko nje, na onyo linaweza kutaja Ulaya. VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mtu mwingine, nayo hufanya hivyo hivyo. Za bure zina kasoro kubwa zaidi: mwenye VPN ndiye anayeona unakopita badala ya mtandao wako, na hujui ni nani. Kumbuka pia kwamba Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) iliwataka wanaotumia VPN wajitambulishe kwake.

Kwa hiyo mji usikusumbue. Angalia saa na aina ya kifaa. Ikiwa ni saa ile uliyoingia mwenyewe na ni simu ya aina yako, ni wewe.

Visipolingana, fanya kwa mpangilio huu, kwenye simu yako na si kompyuta ya kukodi:

1. Badilisha nenosiri la akaunti ya Google.
2. Ingia Usalama, Vifaa vyako, uondoe kila kifaa usichokitambua.
3. Kagua namba ya simu na barua pepe za kurejeshea akaunti. Mwizi mzoefu huweka zake kimya kimya halafu husubiri.
4. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Programu ya kuzalisha misimbo ni imara kuliko SMS, kwa kuwa laini inaweza kuibwa. Google hutoa misimbo 10 ya akiba; iandike kwenye karatasi uihifadhi mahali unapoweka vyeti.
5. Kwa kompyuta unayoiamini, fungua mipangilio ya Gmail uangalie usambazaji wa barua na vichujio. Usambazaji hauonekani kwenye programu ya simu, na hapo ndipo barua zako huendelea kwenda kwa mtu hata baada ya kubadilisha nenosiri.

Chanzo kinachojirudia zaidi ni, tena, stesheneri. Ukiingia Gmail kwenye Chrome na ukakubali kila kinachouliza, wasifu wako wote unaweza kusawazishwa pale: manenosiri uliyohifadhi, historia, anwani. Tumia dirisha la mgeni, ambalo linapatikana ukibonyeza picha ya wasifu juu kulia, na ukiulizwa kuhifadhi nenosiri kataa.

Laini imekufa ghafla

Anza na jirani. Mtu mwenye mtandao kama wako akikosa naye, ni mnara. Mtandao wake ukiwapo, chomoa laini, ifute kwa kitambaa kikavu, ijaribu kwenye simu nyingine; laini zilizokatwa kwa mkasi miaka ya nyuma zinachakaa. Ukiwa Kagunga au Manyovu, huenda simu imedaka mtandao wa Burundi. Ile meseji ya kukukaribisha nchi ya jirani haimaanishi kuna anayekufuatilia. Ni mnara wa ng'ambo wenye nguvu kuliko wa kwetu. Chagua mtandao wako kwa mkono kwenye Mipangilio na uzime data ya nje ya nchi, la sivyo salio litayeyuka.

Yote hayo yakishindikana, hasa kama siku chache nyuma ulipigiwa na "huduma kwa wateja" wakataka namba ya kitambulisho au namba ya siri, chukulia kwamba laini yako imehamishiwa kwenye kadi nyingine. Usisubiri kukuche. Kwa simu ya mtu mwenye mtandao huo huo piga 100, omba wafunge laini pamoja na akaunti ya pesa. Piga benki yako. Kisha nenda duka la huduma la kampuni ukiwa na kitambulisho halisi cha taifa, si kopi, na uchukue RB (namba ya taarifa yako) polisi kama pesa zimetoka. Kazi hii fundi wa mtaani haiwezi na asikulipishe kwa kujaribu.

Hata kama laini yako ni nzima, piga *106# ufuate menyu hadi kwenye namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda duka la kampuni husika ikaondolewe, kwa sababu utapeli ukifanyika kwa namba hiyo jina litakalotokea ni lako. Namba hizo za ziada huzaliwa mezani kwa msajili wa barabarani: "kidole hakijasoma, weka tena". Mara ya kwanza ilisoma. Kidole kikigoma zaidi ya mara moja, omba uone kioo cha kifaa, au ondoka ukasajili dukani.

Kuhusu simu unazopigiwa kuelekezwa kwenye namba nyingine, piga *#21#. Ikionyesha kwamba simu zako zinaelekezwa kwenye namba usiyoijua, futa kwa ##002#. Ukipiga *#62# ukaona namba, usishtuke haraka: mara nyingi ni huduma ya mtandao ya kukuarifu waliokupigia ukiwa umezima. Zile jumbe zinazosambaa kwamba *#62# "inaonyesha anayekusikiliza" si za kweli.

Watu wote kwenye simu yako wametumiwa meseji kuhusu deni lako

Hapa hakuna wa kutafuta. Ni programu ya mkopo, na ruhusa uliitoa mwenyewe ulipobonyeza "Ruhusu" mara nne mfululizo ili ufike kwenye hela.

Orodha yako ya majina husomwa mara moja na kupelekwa kwenye seva yao. Ukiondoa ruhusa leo unazuia majina mapya tu. Tangu 31 Mei 2023 Google Play hairuhusu programu za mikopo binafsi kusoma majina wala picha, kwa hiyo inayodai ruhusa hizo huenda uliipakua kwa kiungo ulichotumiwa, nje ya duka. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila kibali. Angalia kama lako limo.

Piga picha za meseji zote, namba zilizotuma, jina la programu na kiasi ulichopokea dhidi ya kiasi wanachodai. Waombe waliotumiwa nao wakupigie picha za kwao, kwani hizo ndizo nzito zaidi. Ndipo uondoe ruhusa kwenye Mipangilio, Programu, na uifute programu yenyewe. Watumie watu wako SMS moja fupi: taarifa zangu zimechukuliwa, msijibu, msitume hela. Malalamiko kuhusu mkopeshaji yapeleke Benki Kuu. Kuhusu taarifa zako kutumika bila ridhaa, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kukiwa na vitisho au picha zako zilizochezewa, nenda polisi, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusika.

Kufuta programu hakufuti deni. Na usikope programu ya pili kulipa ya kwanza. Orodha ile ile ya majina itakuwa mikononi mwa watu wawili.

Nimetaja kitu kwa mdomo, tangazo lake limetokea

Sababu ya kawaida ni kwamba wewe, au mtu wa nyumbani kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, mlikitafuta mtandaoni. Kama unashuku kipaza sauti, Android 12 na kuendelea huonyesha alama ya kijani pembeni juu kipaza sauti au kamera ikifanya kazi. iPhone huonyesha nukta ya chungwa kwa kipaza sauti na ya kijani kwa kamera. Ingia Mipangilio, Google, Matangazo, futa kitambulisho cha matangazo. Ondoa ruhusa ya kipaza sauti kwa tochi, kikokotoo na michezo. Basi.

Wi-Fi ya ofisi au gesti: kurasa zinakupeleka kwingine, au kivinjari kinaonya kuhusu cheti

Onyo la cheti kwenye kifaa kimoja tu? Angalia tarehe. Kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi miaka nyuma umeme ukikatika, na kila tovuti huonekana haina cheti halali. Rekebisha tarehe kwanza kabla ya kumlaumu mtu.

Vifaa vyote vikionya, huenda mtandao unasubiri uingie kupitia ukurasa wake wa kujiunga. Ukurasa huo unaweza kudai namba ya chumba au vocha. Ukidai nenosiri la barua pepe yako au namba ya siri ya pesa, toka na utumie bando lako.

Kurasa zikigeuzwa kwa kila mtu, shuku ruta, kifaa kinachosambaza Wi-Fi. Soma kibandiko cha nyuma, ingia kwenye 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na angalia haya: nenosiri la msimamizi bado ni lile la kiwandani? DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) imewekwa namba ambayo mtoa huduma haitambui? Usimamizi kutoka nje umewashwa? WPS (njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nenosiri) imewashwa? Badilisha la kwanza, rudisha DNS iwe ya kiotomatiki, zima mawili ya mwisho, sasisha programu ya ruta. Ukiona vifaa vingi kuliko watu, badilisha nenosiri la Wi-Fi, weka usalama wa WPA2 au WPA3, na uwafungulie wageni mtandao wao tofauti.

Tatizo likirudi, bonyeza kitufe cha kurejesha kwa sekunde 10 hivi ukiwa umeandika mipangilio yote ya mtoa huduma kwanza. Kifaa cha faiba usikirejeshe mwenyewe: mipangilio yake huwekwa na mtoa huduma, na ofisi inaweza kukaa siku kadhaa bila intaneti ikimsubiri fundi wao.

Picha zimeonekana baada ya simu kutoka kwa fundi

Kubadilisha kioo au sehemu ya chaji hakuhitaji nenosiri lako kwa siku nzima. Chomoa laini na kadi ya kumbukumbu, kaa pale ikiwezekana, fungua simu mwenyewe wakati wa kujaribu. Samsung nyingi za Android 13 na kuendelea zina hali ya matengenezo inayoficha picha, meseji na akaunti. Iwashe kabla ya kuikabidhi.

Unauza simu? Ondoa akaunti ya Google kwanza, kisha rejesha hali ya kiwandani. Kadi ya kumbukumbu usiiuze nayo. Kilichofutwa humo hurudishwa kwa programu ya bure.

Ofisi: taarifa za wateja ziko nje

Iwe zahanati, shule, chama cha ushirika au wakala wa pesa, anza na karatasi. Daftari la miamala lililofunguliwa kaunta, lenye jina, namba na kiasi, husomwa na kila aliye kwenye foleni, na mtu mwenye kamera anahitaji sekunde moja. Halafu jedwali lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, pamoja na wawili walioacha kazi mwaka jana. Halafu kiungo cha Drive kilichowekwa "yeyote mwenye kiungo". Halafu nenosiri moja la ofisi nzima. Fungeni hivyo kwa mpangilio huo kabla ya kuajiri mtu wa kukagua seva.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika 1 Mei 2023, na anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa awe amesajiliwa na Tume. Uvujaji ukitokea, andikeni siku hiyo hiyo: nini kimetoka, za watu wangapi, lini iligundulika, nani aligusa nini. Tume iarifiwe, na wenye taarifa zao waambiwe ili wabadilishe wanachoweza kubadilisha.

Mafaili yakibadilika majina na kugoma kufunguka, na ujumbe wa kudai malipo ukatokea kwenye skrini, kazi yenu imeishia hapo. Chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, usichomeke diski ya akiba kwenye mashine hiyo "kuokoa vilivyobaki", kwani nayo itafungwa. Iache iwake ilivyo, kwa kuwa wakati mwingine kumbukumbu yake hubeba kitu ambacho mtaalamu wa usalama anaweza kukitumia, na umpigie huyo kabla ya yule anayefomati kwa shilingi elfu chache.